Wakiwauliza Njiani

Hotuba ya mkunga mstaafu kwa vijana wa skeitibodi wa Malindi na wazazi wao, jioni ya kuwaaga

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu zetu Wakristo, Bwana asifiwe. Hamjambo nyote.

Wazee wetu, masheikh na wachungaji mliohudhuria, akina mama mlioacha shughuli zenu mkaja, na nyinyi wanangu mlioketi chini na mabao yenu mapajani: mimi nimekuwa mkunga katika mji huu na vijiji vyake kwa miaka mingi. Sijui kupanda skeitibodi na sitajaribu. Nimesimama hapa kwa sababu vijana hawa walikuja barazani kwangu wakaniuliza, "Bibi, watu wakituuliza njiani, tuwajibu nini?" Niliwaambia jibu ni refu, waite watu, nilitoe mbele ya wote.

Kesho baada ya swala ya alfajiri wataondoka hapa kwa skeitibodi mpaka Mombasa. Ni kilomita 120 hivi. Watapita Gede, wataambaa na msitu wa Arabuko Sokoke, watalala Kilifi ambako ni kama nusu ya njia, kisha wavuke daraja la Mnarani, wapite mashamba ya mkonge ya Vipingo, Mtwapa, hadi mjini. Wanafanya hivyo ili watu wa Pwani wausikie ugonjwa wa kurithi ambao wengi wenu hapa hamjawahi kuusikia: ugonjwa wa Lowe.

Wazazi kadhaa wamenifuata pembeni wakaniambia, mbona wasipande matatu wakafika mapema, wakaenda kuzungumza redioni? Ni swali la haki. Mimi nalijibu hivi. Mtu akipita ndani ya matatu, nani humsimamisha? Nani humwuliza anakwenda wapi na kwa nini? Lakini kijana anayekuja barabarani juu ya ubao wa magurudumu, amevaa kofia ngumu, jasho linamtoka, anaelekea Mombasa kwa mguu mmoja unaosukuma lami, huyo haingii kijijini bila watoto kumkimbilia. Muuza mahamri atamwuliza. Dereva wa boda boda atapunguza mwendo aulize. Mzee aliye chini ya mwembe atamwita, "We kijana, njoo hapa, hicho ni kitu gani na unakwenda wapi nacho?" Wanangu, hapo ndipo kazi yenu ilipo. Kilomita ni kisingizio. Safari nzima mnaifanya ili muulizwe.

Na nyinyi si wa kwanza. Nimewaomba wajukuu zangu wanisomee habari za waliotangulia, na zimenigusa.

Kuna Mmarekani aitwaye Jack Smith. Mwaka 1976 yeye na wenzake waliivuka Marekani kwa skeitibodi, kutoka jimbo la Oregon upande wa magharibi mpaka Virginia upande wa mashariki, wakipokezana, kwa siku 32. Walikuwa vijana tu, walitaka kuona kama inawezekana. Na iliwezekana kwa sababu miaka michache kabla ya hapo kijana mwingine, Frank Nasworthy, alikuwa ameleta magurudumu ya plastiki laini iitwayo poliyurethani. Kabla yake magurudumu yalikuwa ya chuma au ya udongo mgumu, likikutana na kokoto moja unaruka wewe, ubao unabaki. Mwaka 1984 Smith alivuka tena, siku 26. Mambo ya ujana.

Lakini alivuka mara ya tatu, mwaka 2003, na safari hiyo haikuwa ya kujaribu kitu. Alikuwa amezaa mtoto wa kiume mwenye ugonjwa wa Lowe, na mtoto huyo alikuwa amefariki. Baba akachukua ubao wake wa ujana, akakusanya kikundi, wakaivuka nchi ile kwa siku 21 ili Wamarekani walisikie jina la ugonjwa uliomchukua mwanawe. Hebu fikirini, akina baba. Mtu amezika mwana. Wengine wetu tukizika hujifungia ndani, na hakuna wa kutulaumu. Yeye aliingia barabarani ili aulizwe.

Miaka mitatu baadaye Mwingereza mmoja, Dave Cornthwaite, alianza na nchi yake mwenyewe, kutoka John o'Groats kule kaskazini mwa Scotland mpaka Land's End kusini, kisha akaenda Australia akateleza kutoka Perth mpaka Brisbane, kilomita 5,823, akavuka jangwa la Nullarbor ambalo malori yake ni marefu kuliko msururu wa matatu sita. Alimaliza Januari 2007. Miongoni mwa mashirika aliyoyachangishia fedha ni lile la Uingereza linaloshughulikia ugonjwa huohuo wa Lowe. Wapo waliokwenda mbali zaidi yake, kama Rob Thomson wa New Zealand aliyetoka Uswisi akafika Shanghai mwaka 2008, kilomita 12,159. Ila mimi moyo wangu uko kwa yule baba.

Sasa nije kwenye ugonjwa wenyewe. Nitausema kwa utaratibu, kwa sababu kesho mtausema nyinyi.

Mwaka 1952, huko Boston, daktari Charles Lowe na wenzake walieleza habari za watoto wa kiume waliokuwa na matatizo mahali patatu kwa wakati mmoja: macho, ubongo na figo. Ndiyo maana ugonjwa umebeba jina lake. Mwaka 1992 watafiti wakaipata jeni, yaani agizo la urithi ndani ya mwili, yenye hitilafu, ikaitwa OCRL. Jeni hiyo hufundisha mwili kutengeneza kimeng'enya fulani kinachosaidia kusafirisha vitu ndani ya seli. Kikikosekana, viungo vinavyokitegemea zaidi ndivyo vinavyoumia kwanza.

Macho ndiyo hutangulia. Karibu kila mtoto mwenye ugonjwa huu huzaliwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Mnaujua mtoto wa jicho kwa babu na bibi zenu, ule ukungu mweupe katikati ya jicho. Mtoto huyu huzaliwa nao. Karibu nusu yao pia hupata presha ya jicho, ambayo ikiachwa hula mshipa wa kuona kimyakimya.

Halafu mwili. Mtoto hulegea. Ukimwinua anakuteleza mikononi, shingo inachelewa kukaza, kunyonya kunampa tabu. Kukaa, kutambaa, kutembea, yote huchelewa. Kujifunza huwa kugumu, wengine kwa kiasi kidogo, wengine sana. Baadhi hupata degedege zisizo za homa.

Halafu figo, na hapa nawaomba msikilize kwa makini maana ndipo panapofichika. Figo zenye afya huchuja damu, kisha huyarudisha mwilini yale yenye manufaa. Figo za mtoto huyu huchuja, lakini hushindwa kurudisha: magadi ya mwili, fosfeti, chembe za protini, vyote vinatoka na mkojo. Mtoto anakojoa sana, ana kiu, haongezeki uzito, mifupa inakuwa laini, miguu inapinda matege. Mtu akimwona atasema hapewi chakula. Anapewa. Chakula kinapita. Na miaka ikisonga, figo zenyewe huchoka. Wengi hufikia hali hiyo wakiwa vijana au watu wazima wa makamo ya mwanzo.

Hakuna dawa ya kuung'oa. Siwadanganyi, na nyinyi msimdanganye mtu. Lakini kati ya kuponya na kutofanya lolote kuna mengi ya kufanya, na mengi yake si ya gharama ya kutisha. Mtoto wa jicho hupasuliwa akavalishwa miwani. Magadi yaliyopotea hurudishwa kwa dawa ya kunywa, fosfeti vilevile, pamoja na vitamini D ya mifupa. Mazoezi ya viungo humsaidia kukaza mwili. Presha ya jicho hupimwa mara kwa mara. Mtoto aliyejulikana mapema na mtoto aliyejulikana amechelewa wana ugonjwa uleule, lakini maisha yao ni tofauti kabisa.

Na hapa, akina mama, nataka kuzungumza nanyi juu ya arobaini.

Mila yetu ya Pwani mzazi hukaa ndani siku arobaini. Anakandwa, anapikiwa uji wa pilipili manga, anafukizwa, mtoto anafunikwa asipigwe na upepo wala jicho la hasidi. Mimi mwenyewe nimekaa arobaini, na wanangu nimewakalisha. Ni mila nzuri, inampumzisha mwanamke ambaye vinginevyo angerudi kisimani siku ya tatu. Lakini angalieni jinsi chumba chetu cha mzazi kilivyo. Mapazia yamefungwa. Taa hafifu. Mtoto amelala sehemu kubwa ya siku, macho yamefumba, nyusi zimepakwa wanja, na kwengine wanja unatiwa hata ndani ya jicho. Nani atakayeiona mboni?

Sasa sikilizeni hesabu yake. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika wiki zile za mwanzo. Usipoletewa picha kipindi kile, baadaye hata jicho likisafishwa, ubongo haushiki tena vizuri. Ndiyo sababu madaktari wa macho wanataka mtoto mwenye ukungu mzito apasuliwe kabla ya kuvuka miezi miwili hivi. Arobaini ni wiki sita kasoro siku mbili. Yaani ule muda tunaomficha mtoto ndio uleule ambao jicho lake linasubiri msaada.

Simwambii mtu avunje arobaini. Nasema funua pazia. Asubuhi, mtoto akiwa macho, mpakate karibu na dirisha, mwangalie katikati ya kila jicho. Mboni ya mtoto yeyote, mweusi, Mzungu, Mhindi, inatakiwa iwe nyeusi safi. Ukiona weupe, ukiona rangi ya majivu, ukiona jicho moja si kama jingine, usisubiri arobaini iishe, usisubiri chanjo ya wiki sita. Nenda hospitali leo, na useme kwa maneno haya: mboni ya mwanangu ni nyeupe. Na kwa kuwa siku hizi kila nyumba ina simu ya kamera, kuna jambo jingine: kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa simu, macho huonekana mekundu. Picha zikija mara kwa mara jicho moja jekundu na jingine jeupe, mpeleke mtoto akaonwe. Huenda ni mtoto wa jicho, na huenda ikawa saratani ya jicho ya watoto, ambayo nayo haingoji.

Nimemjua mama mmoja, kijiji chake kiko ng'ambo ya mto Sabaki. Mwanawe alizaliwa na mboni nyeupe zote mbili. Aliambiwa ni maziwa yamemwingia machoni. Akatiwa dawa za majani. Alipompeleka zahanati fulani, akaambiwa arudi mtoto akikua kidogo. Alimrudisha amekua kidogo. Upasuaji ulifanyika, ukafanyika vizuri, na yule mtoto leo anaona mwanga na vivuli. Kama angeonwa mapema angekuwa anasoma. Sijui kama ugonjwa wake ulikuwa wa Lowe au kitu kingine, kwa kuwa hakuna aliyepima mkojo wake. Na hilo ndilo linaloniuma. Mtoto wa kiume mwenye ukungu macho yote mawili na mwili uliolegea, mkojo wake haukupimwa. Wauguzi wenzangu mlioko hapa mbele, ninawasihi, mkimwona mtoto wa namna hiyo, msiishie machoni. Pimeni mkojo.

Nisije nikaeleweka vibaya. Si kila mtoto anayezaliwa na ukungu ana ugonjwa huu. Wengi hawana. Wako ambao mama aliugua rubela akiwa na mimba. Ndiyo sababu Kenya ilianza kuchanja surua na rubela pamoja mwaka 2016, na mtu asiache mwanawe akose chanjo ile. Wako ambao wamerithi ukungu tu, bila figo wala ubongo kuguswa. Ugonjwa wa Lowe ni adimu mno. Huhesabiwa kama mtu mmoja katika nusu milioni.

Na mzee mmoja msikitini ameifanya hesabu hiyo, akaniambia: "Mkunga, kwa sensa ya 2019 kaunti nzima ya Kilifi ina watu 1,453,787. Basi mnawatoa watoto barabarani kwa ajili ya watu watatu?" Nilimwambia ndiyo, Sheikh wangu, na hata kama ni mmoja. Dini yetu haikutufundisha kuhesabu kwanza ndipo tuhurumie. Ila kuna jibu la pili pia. Magonjwa adimu, kila mmoja peke yake, ni wa watu wachache. Yakikusanywa ni zaidi ya 6,000, na walio nayo duniani wanakadiriwa kufika milioni 300. Mengi ni ya kurithi, mengi huanza utotoni. Kwa hiyo katika umati huu huu wako wenye mtoto ambaye hajulikani ana nini, ambaye amezungushwa hospitali hii na ile, na kadi yake imejaa maneno "arudi baada ya miezi mitatu." Ndiyo sababu dunia ilitenga siku ya mwisho ya Februari kuwa Siku ya Magonjwa Adimu, iliadhimishwa mara ya kwanza tarehe 29 Februari 2008, tarehe ambayo nayo ni adimu. Na ndiyo sababu vijana hawa wameichagua wiki hii.

Sasa nije kwenye jambo gumu. Njiani hamtaulizwa tu ugonjwa ni gani. Mtaulizwa umetoka kwa nani.

Kwetu mtoto akizaliwa na kasoro, macho ya watu huenda kwa mama. Alipita wapi na mimba ile? Alimcheka kiwete? Ana jini mahaba? Kombe litaandikwa, hirizi itafungwa, na mwisho mume ataambiwa na dada zake aoe mwingine. Nimeliona likitokea, nikaiona na talaka yake. Basi jifunzeni kulieleza hili vizuri kuliko yote.

Jeni hukaa kwenye vibebaji vidogo ndani ya seli viitwavyo kromosomu. Mwanamke ana kromosomu mbili za X. Mwanamume ana X moja na Y moja. Mtoto wa kiume hupata Y kwa baba yake, X kwa mama yake. Jeni ya OCRL inakaa kwenye X. Mama akiwa na X moja nzima na nyingine yenye hitilafu, ile nzima inambeba, haumwi. Anayo asijue, kama vile mama yake alivyokuwa nayo asijue. Akizaa mtoto wa kiume, ni nusu kwa nusu ampe ipi kati ya zile mbili. Akizaa binti, nusu kwa nusu binti awe mbebaji kama yeye. Na hiyo nusu huanza upya kila mimba. Mtoto wa kwanza kuwa mgonjwa hakumkingi wa pili. Halafu lishikeni hili: katika familia kama theluthi moja, mama hana hitilafu yoyote. Imezuka mpya kwa mtoto mwenyewe. Hakuna aliyeileta.

Watu watawaambia, ni kwa sababu wameoana mabinamu. Jibuni kwa adabu, lakini jibuni. Yapo magonjwa ambayo kuoana ndugu huyaongeza, yale yanayohitaji hitilafu kutoka kwa baba na mama pia. Selimundu ni mmojawapo wa namna hiyo, na kaunti hii yetu inaijua selimundu. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, pale Kilifi wameishughulikia kwa miaka mingi. Lakini ugonjwa wa Lowe hauko hivyo. Mwanamke mbebaji angeolewa na binamu yake au na mtu wa Norway, nafasi ya mwanawe ingekuwa ileile.

Na kuna habari njema kwa akina dada wa ukoo. Wanawake wabebaji, wakishafika utu uzima, karibu wote huwa na vidoadoa katika lenzi ya jicho ambavyo haviwazuii kuona, lakini daktari wa macho akiangalia kwa darubini yake huviona. Kwa hiyo dada ya yule mama, na dada za mama yake, na binamu wa kike wa upande huo, wanaweza kujua jambo kabla hata ya kipimo cha jeni ambacho ni ghali na huenda kikapelekwa mbali. Mwanamke anayejua hali yake anazaa akiwa na mkunga aliyejiandaa, na mtoto anaonwa macho siku ya kwanza. Msimtishe mtu asizae. Hiyo si kazi yenu wala yangu.

Mmeniuliza pia kama mbebe picha ya mtoto mgonjwa kwenye bango. Nasema msibebe. Nimechoka kuwaona watoto wetu wakianikwa ili watu wafungue mikoba. Mtoto mwenye ugonjwa wa Lowe anapenda watu, anacheka, anajua sauti ya mama yake, si tangazo. Nafurahi pia kwamba mmekataa kuandika namba ya kuchangia kwenye fulana zenu. Fedha si mbaya, na yule Mwingereza alichangisha kwa heshima kubwa. Ila hapa kwetu ukisimama barabarani na namba ya kuchangia, mtu hutoa shilingi hamsini akaendelea na safari, maneno hayakumgusa. Nyinyi mwache asimame. Mpeni dakika mbili za maneno, muulize: nyumbani kwako yuko mtoto mchanga? Umemwangalia mboni?

Kuhusu njia, sina mengi, kocha wenu atayasema. Huu ni msimu wa kaskazi, upepo utawapiga mgongoni mpaka Mombasa, mshukuruni Mungu. Lakini jua la Februari mnalijua. Mwendo uwe wa alfajiri hadi saa nne, kisha jioni baada ya saa kumi. Saa sita msionekane juu ya lami. Kaeni pembeni mwa barabara, mstari mmoja, pikipiki yenye bendera nyuma yenu. Magari ya usiku ya Mombasa hayasamehe, kwa hiyo magharibi ikiingia muwe mmeshuka. Kwenye matuta shukeni mbebe mabao, msione haya. Kuanzia Mtwapa mpaka mjini, ambako malori ni mengi, pandeni gari la msafara. Hakuna aliyewadai kila mita. Aliyevua kofia ngumu arudishwe nyumbani, hata akiwa mjukuu wangu. Na yuko.

Kina baba ambao bado mnaona skeitibodi ni uhuni: nimewaona hawa watoto jioni wakifundishana pale ufukweni. Anayeanguka huinuliwa na mwenziwe. Kijana wa Shella yuko na wa Barani, Mgiriama na Mswahili na mtoto wa Muitaliano, na hakuna anayemwuliza mwenziwe ni wa nani. Sijawahi kuona wakipigana. Nimeona mechi za mpira zikimalizikia kituo cha polisi.

Ndugu zetu mliotoka Lamu kwa ajili ya leo, mmesema vijana wenu hawana lami ya kutelezea, vichochoro ni vya punda. Basi msifanye mbio. Kisiwa kizima ni watu wa kujuana. Mpelekeni mkunga mmoja na mwalimu mmoja wa madrasa, nyumba kwa nyumba zenye wazazi walio ndani ya arobaini, wafungue pazia waangalie. Lamu, Shela, Matondoni, Kipungani mnaweza kumaliza kwa miguu na mashua. Nikialikwa nitakuja.

Sasa hivi pale kwenye meza, chini ya mkungu, wamekaa wauguzi wawili wa kliniki ya watoto. Mwanga wa jua bado unatosha. Mwenye mtoto mchanga asogee naye, bila foleni, bila kadi, aangaliwe macho. Na nyinyi vijana, nataka mmoja mmoja mkasimame pale pembeni mwone mboni nzuri inafananaje, ili kesho mnapoieleza muwe mmeiona kwa macho yenu. Anza wewe mwenye fulana ya njano.